Nafasi Iliyo Mbele ya Boneti Yako

Hotuba kwa wahitimu wa kozi ya udereva, Tabata, Dar es Salaam

Ndugu mgeni rasmi, mwenyekiti wetu wa serikali ya mtaa, afande kutoka kikosi cha usalama barabarani, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao shughuli ya leo ni yenu: Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Ambao sijawafikia kwa salamu hizo, habari za mchana.

Nimepewa nusu saa, na harufu ya pilau inanifikia kama inavyowafikia ninyi, kwa hiyo sitawarudishia kozi nzima. Alama mmeshafundishwa. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya, duara lenye ukingo mwekundu linakukataza, duara la bluu linakuamuru, na ile ya pembe nane inakutaka usimame kabisa, tairi zisizunguke, siyo upunguze mwendo huku unachungulia. Mimi leo nina jambo moja tu. Miaka yote niliyokaa kiti cha kushoto, breki ya ziada ikiwa chini ya mguu wangu, nimeona wanafunzi wakijua klachi, gia na kona kwa wiki chache. Kinachochelewa, na kwa wengine hakifiki kabisa, ni kujua nafasi. Gari langu linahitaji nafasi kiasi gani mbele yake ili lisimame? Nani yuko ubavuni? Nikikosea mimi, au akikosea mwenzangu, imebaki nafasi ya kujiokoa?

Chukueni Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 mkaisome kwa jicho hilo. Mwendo, indiketa, zebra, mataa, kipilefti, kupita gari jingine: karibu kila kifungu kinagawa nafasi, nani aipate na kwa wakati gani. Ukielewa hivyo huhitaji kukariri sana.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu sheria inaouruhusu kwenye maeneo ya makazi, linapita karibu mita 14 kila sekunde. Mtoto akichomoka nyuma ya Coaster kituoni Buguruni, jicho linamwona, akili inaelewa, mguu unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kwa dereva aliye makini hiyo ni sekunde moja hivi, na ndani ya sekunde hiyo gari halijapungua mwendo hata kidogo. Mita 14 zimekwenda. Ndipo breki zinaanza kushika, na kwenye lami kavu, tairi zikiwa nzima, unahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla 28. Sasa pandisha mwendo mpaka 80. Sekunde ya kushtuka peke yake inakula mita 22, breki zinakula kama 35, jumla 57. Mwendo haujafika hata mara mbili, umbali umeshafika, kwa sababu mwendo ukiwa mara mbili umbali wa breki unakuwa mara nne. Breki mpya hazibadilishi hesabu hiyo, na wala maombi ya asubuhi hayaibadilishi, ingawa msiache kuomba.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtembea kwa miguu akigongwa na gari lililo kwenye mwendo wa 65, hatari ya kufa ni mara 4.5 ya akigongwa kwa mwendo wa 50. Tofauti ni 15 tu, upana wa kidole kwenye dashibodi. Na faida yake? Hata barabara ingekuwa tupu, bila foleni wala mataa, kilomita kumi kwa 65 badala ya 50 zinakuokolea dakika zisizotimia tatu.

Kwa hiyo pimeni nafasi ya mbele kwa sekunde, msiipime kwa mita, maana hakuna anayeweza kukadiria mita akiwa kwenye usukani. Chagua nguzo ya taa. Gari la mbele likiipita, sema taratibu: mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukiifikia ile nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno. Mvua ikinyesha, endelea mpaka mia moja na nne.

Najua mnachosema moyoni. Mwalimu, hapa ni Dar. Ukiacha nafasi ya gari moja, daladala anachomekea, na nyuma yake bajaji mbili. Ni kweli kabisa, watachomekea. Na wewe utaachia mafuta kidogo, ujenge nafasi yako upya. Atakuja mwingine, utajenga tena. Hebu tuipigie hesabu hasara yenyewe: kila anayeingia anakuchelewesha kama sekunde mbili. Wakikuchomekea 20 kutoka Mbagala mpaka Kariakoo, umechelewa sekunde 40. Sijasikia mtu aliyefukuzwa kazi kwa sekunde 40. Lakini ukibana bampa kwa bampa ili asiingie mtu, yule wa mbele akifunga breki ghafla, wewe ndiye unayeingia kwenye buti lake, na trafiki akija kupima, aliyegonga kwa nyuma ndiye mwenye maelezo mengi ya kutoa. Vijana wa kiume mnisikie vizuri hapa, dada zetu mtuvumilie: kuchomekewa si kutukanwa. Yule konda anayepiga bodi hakujui jina wala ukoo wako, anawahi abiria wa Gongo la Mboto.

Kwenye foleni pia kuna nafasi yake. Simama mahali ambapo bado unaziona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami. Gari lile likizimika, utakata usukani utoke bila kuhitaji kurudi nyuma. Likiserereka kidogo kwenye kimlima, una muda wa kupiga honi.

Kutanua, yaani kutoka kwenye foleni na kupita upande wa wanaokuja, sitakuzungumzia sana, kwa sababu anayetanua anajua anachofanya. Niseme tu kile ambacho hakioni akiwa ndani ya gari. Anakwenda kuziba njia ya wanaokuja, wanaokuja wanashindwa kupita, upande wake nao hausogei, na gari la wagonjwa linabaki na king'ora chake katikati. Foleni nyingi za jioni ambazo tunailaumu barabara, ukifika mbele kabisa unakuta magari mawili yametazamana na madereva wameshuka wanabishana.

Twende ubavuni. Dar es Salaam kioo cha pembeni hakikai na picha ileile kwa sekunde tano. Bodaboda anapita kushoto, anapita kulia, anapita kati yako na lori. Na kuna pembe moja, usawa wa mlango wa nyuma, ambayo saiti mira yoyote haiioni. Pikipiki nzima, na abiria wake, na gunia la mkaa, inaenea pale. Kwa hiyo kabla hujahama njia: kioo cha ndani, kioo cha pembeni, indiketa, halafu geuza shingo kidogo utazame kwa jicho lako mwenyewe, ndipo usogee. Na indiketa ni ombi. Ukishawasha, subiri uone kama umekubaliwa.

Hapohapo niseme habari ya taa za hazadi. Mmeona watu wanaziwasha kwenye njia panda wakimaanisha "naenda moja kwa moja". Jiweke kwenye nafasi ya yule aliye barabara ya kushoto kwako. Yeye haoni taa zote, anaona moja tu ya upande wake, inawaka na kuzima. Anajua unakata kushoto. Anaingia. Ukienda moja kwa moja, usiwashe chochote, inatosha. Hazadi ni za gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari.

Na mlango. Umesimama pembeni pale Kariakoo, unataka kushuka. Dereva, fungua kwa mkono wa kushoto, ule ulio mbali na mlango. Mwili utageuka wenyewe, na ukigeuka utamwona mwendesha bodaboda kabla mlango haujamfikia.

Sasa naomba tukae kidogo kwenye zebra, kwa maana hapa naona hata madereva wa miaka mingi wanakosea wakidhani wanafanya wema.

Uko kwenye barabara yenye njia mbili kila upande, tuseme Kilwa. Wewe uko njia ya kushoto. Mama amemshika mtoto wa shule mkono, sweta la kijani, begi kubwa kuliko mgongo. Unasimama, kama sheria inavyokutaka. Unampungia mkono: pita, mama. Mama anashukuru kwa kichwa, anavuta mtoto, anavuka mbele ya boneti yako akikutazama wewe. Njia ya kulia kwako inakuja Noah. Dereva wa Noah hamwoni mama kwa sababu gari lako linamkinga. Anachokiona ni gari lililosimama bila sababu, na mbele yake kweupe. Hapunguzi. Mama naye haioni Noah, kwa sababu gari lako linamkinga na yeye pia, na wewe umeshamwambia apite.

Kwa hiyo jambo la kufanya ni hili. Ukiwa wa kwanza kusimama, simama mapema, mita kadhaa kabla ya mstari, ili wa njia ya pili apate upenyo wa kuona. Tazama kioo cha kulia uone nani anakuja. Na usimpungie mkono mtu avuke, kwa maana huna mamlaka juu ya njia ambayo si yako. Wewe simama tu, umwache aamue mwenyewe akiwa anatazama. Ukiwa ndiye wa njia ya pili, gari lolote lililosimama karibu na zebra lihesabu kuwa lina mtu mbele yake mpaka uone vinginevyo. Daladala kituoni ni hivyohivyo. Abiria anayeshuka ana haraka, atapita mbele ya gari, na wewe utamwona akiwa ameshafika.

Duniani kote watu kama milioni 1.19 wanakufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend lilianzisha mradi wa SARSAI wa kurekebisha barabara zinazozunguka shule za msingi: njia za miguu, zebra, matuta, nguzo za kuzuia magari. Mwaka 2019 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya WRI Ross. Kiini chake ni kwamba hawakutegemea kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kukadiria mwendo wa lori, walilipunguza mwendo lori lenyewe. Tuta unalolilaani asubuhi huenda kuna mtu alilipigania.

Kwenye mataa, mkono wa trafiki unashinda taa. Mgeni huwa anachanganyikiwa: taa nyekundu na afande anamwita. Nenda. Taa kijani na afande amekunyooshea kiganja. Simama. Hata nyuma wakipiga honi mpaka basi, afande ndiye anayeongoza. Taa ya njano nayo inasema simama, isipokuwa umeshafika karibu kiasi kwamba ukifunga breki utaishia katikati. Sisi tumeigeuza kuwa ishara ya kukanyaga mafuta. Na hata ikiwa kijani, usiingie njia panda kama ng'ambo hakuna nafasi ya gari lako. Ukibaki katikati taa zikabadilika, umezifunga barabara zote nne, na utajifunza matusi mapya siku hiyo.

Kipilefti ni rahisi kuliko watu wanavyoiogopa. Aliye ndani ana haki, na anatokea kulia kwako. Unasubiri upenyo, unaingia, unawasha indiketa ya kushoto unapokaribia njia yako ya kutokea. Basi.

Tangu Daraja la Mfugale lifunguliwe pale Tazara mwaka 2018, na Daraja la Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, tumepata kosa jipya mjini. Mtu anapanda juu, anagundua alitakiwa kubaki chini, anafunga breki, anawasha hazadi, anaanza kurudi kinyumenyume darajani. Ndugu zangu, ukikosea njia, umekosea. Endelea na ulikopelekwa, utageuza mbele. Vibao vinakuonyesha mapema, kwa hiyo chagua njia yako mapema, na kama Ubungo huijui, pitia siku moja ukiwa abiria, utazame tu.

Njia za mwendokasi katikati ya Morogoro Road si zako tangu mabasi yaanze mwaka 2016, na hata iwe saa sita usiku hakuna basi, si zako. Faini ndiyo sababu ndogo. Sababu kubwa ni pale unapokata kulia kuvuka njia hizo. Umezoea kuangalia magari yanayokuja mbele, lakini mabasi yanatoka pande zote mbili, na lile refu lina mita 18. Halikwepi. Subiri taa yako, na ikiwaka tazama pande zote mbili.

Jambo moja kuhusu gari mtakalokwenda kuendesha. Wengi mmejifunza kwa manyuali. Kesho shangazi atakukabidhi IST au Passo ya otomatiki na atakuambia "hii ni rahisi, haina klachi". Ni rahisi, na ndiyo maana inaingia dukani kwa watu. Mguu wa kushoto uliozoea klachi unatafuta kazi, unakanyaga breki kwa nguvu zilezile, abiria anapiga kichwa. Au wakati wa kuegesha mguu wa kulia unadhani uko kwenye breki, kumbe uko kwenye mafuta. Gari linaruka, dereva anashtuka, na aliyeshtuka hukanyaga zaidi. Kwenye otomatiki mguu wa kushoto upumzike pembeni kabisa. Wa kulia ndio ufanye kazi zote, kisigino kikae usawa wa breki na ncha ya mguu ndiyo iende kwenye mafuta. Ukitoa P kwenda D au R, mguu uko kwenye breki. Ukiegesha, tembea kwa breki peke yake. Otomatiki inajivuta yenyewe, haihitaji mafuta kuingia kwenye maegesho. Na vaa viatu vinavyoshika. Kandambili zinateleza, zinaingia chini ya pedeli.

Mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba, kwa hiyo karibu nusu ya mwaka wenu wa kwanza kuna uwezekano wa lami kulowa. Dakika za mwanzo ndizo mbaya, kabla maji hayajaosha vumbi na mafuta yaliyoganda barabarani. Punguza mwendo kabla ya kona, usiupunguzie ndani ya kona. Na Jangwani mnaijua. Mto Msimbazi ukijaa na maji yakaanza kupita juu ya barabara, usimfuate aliyepita. Yeye labda ana Land Cruiser, na maji aliyopita yeye hayakuwa haya, yanapanda. Maji yanayotiririka kwa kina cha futi moja tu yanaweza kuanza kulibeba gari dogo. Na chini ya maji ya tope hujui kama lami bado ipo. Geuza. Lala kwa ndugu Magomeni.

Desemba mtataka kwenda nyumbani, Moshi, Mbeya, Songea. Sikukatazi, ila nakuomba usiende mwezi wa kwanza, na usiende usiku. Huko kuna tochi za trafiki za kupima mwendo, na kuna utamaduni wa kuwashiana taa kutahadharishana: afande yuko mbele. Anayeshika 50 kwa ajili ya tochi tu anasahau kwamba tochi ipo kijiji kimoja, watoto wapo vijiji vyote. Ukiona matawi ya miti yamepangwa kwenye lami, kuna gari limeharibika mbele, punguza hapohapo. Wewe beba pembetatu zako za kuakisi mwanga, usiwe mtu wa kukata matawi.

Kupita semi-trela ndiko kunakoua huko. Tuhesabu tena. Lori liko 60, wewe 80. Unalizidi kilomita 20 kwa saa, yaani mita tano na nusu hivi kwa sekunde. Kuanzia unapotoka nyuma yake mpaka unaporudi mbele yake kwa usalama ni kama mita 60, kwa hiyo unakaa upande wa wenzako sekunde 11. Katika sekunde 11 wewe umekwenda karibu mita 245, na basi linalokuja kwa 80 limekuja mita 245. Unahitaji karibu nusu kilomita iliyo wazi. Kama huoni nusu kilomita, kama kuna kilima au kona au mstari usiokatika, baki nyuma. Madereva wa malori wana lugha yao ya indiketa, ya kulia kukwambia usije, ya kushoto kukwambia pita. Wengi wao ni watu wema. Lakini taa ya kushoto huenda ikawa anasimama kununua mahindi, na hata akiwa anakuita kweli, yeye haoni unachokiona wewe na wewe huoni anachokiona yeye. Pita kwa macho yako.

Simu nitaimaliza kwa sentensi chache. Ujumbe mfupi unasomwa kwa sekunde tatu. Kwa mwendo wa 50 hizo ni mita 42, sawa na Coaster sita zilizopangwa foleni, umezipita zote macho yakiwa mapajani. Weka simu kwenye begi, begi kiti cha nyuma.

Pombe: kikomo cha sheria yetu kwa dereva wa gari binafsi ni miligramu 80 kwenye mililita 100 za damu, na kwa dereva wa abiria ni sifuri. Shirika la Afya Duniani linashauri 50 kwa wote, na 20 kwa vijana na madereva wapya. Mimi nasema chukueni ya daladala, sifuri. Hutakaa mezani ukipiga hesabu za damu. Na mkanda mfunge wote, hata wa nyuma, hata mkienda dukani tu.

Makaratasi kidogo. Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi. Haikuruhusu kubeba abiria kwa malipo, hata kama umewapata kwa programu ya simu; hiyo ni C, na ina masharti yake. Bima ndogo ni ya lazima, na inamlinda yule uliyemgonga, gari lako hailijui. Kama una uwezo, mwaka wa kwanza kata bima kubwa, maana mwaka wa kwanza ndio wa kugusa kuta. Ikitokea ajali: simama, washa hazadi, weka pembetatu nyuma mbali ya kutosha, piga 112, toeni picha. Akiwepo majeruhi, usimvute ovyo kutoka kwenye gari kama hakuna moto. Atahitaji fomu ya polisi, PF3, na kukimbia eneo la ajali ni kosa jingine kabisa. Najua kuna hofu ya watu kujaa na hasira. Kama maisha yako yako hatarini, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu na ujisalimishe hapo.

Wazazi, nina neno kwenu pia. Huyu kijana akianza kuendesha na wewe umekaa pembeni, usimwambie "ingia, ingia!" kwenye kipilefti. Haoni unachokiona, na kelele yako inamfanya akanyage asichokusudia. Mwambie mapema: "tutakata kushoto baada ya sheli". Akikosea, subiri mpaka gari lisimame ndipo mzungumze. Na usimpe gari siku ya kwanza apeleke wageni saba harusini Mbezi Beach.

Wahitimu, Jumapili hii gari litafuteni. Saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, Dar iko wazi. Kutoka hapa Tabata shukeni Mandela, mwende mpaka Ubungo, mrudi mpaka Tazara, mpande daraja, mshuke. Rudieni mpaka muache kukunja mabega. Jumapili inayofuata ongezeni mataa ya mjini. Baadaye jaribuni jioni, kisha usiku, kisha siku ya mvua, mkiwa na mtu mzoefu pembeni. Foleni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi iacheni mpaka mwisho.

Vyeti viko meza ile ya kushoto, mtaitwa kwa majina. Baada ya chakula tuna muda wa maswali. Afande amekubali kujibu yote yanayohusu faini, mimi nitajibu ya klachi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.